Baba B, Mama A, Mtoto O: Fundi Mdogo Anayeamua Kundi la Damu

Mtoto wa miaka miwili aliyeshikwa na malaria kali huweza kupungukiwa na damu katika muda wa siku chache tu. Viganja vyake hupauka, pumzi humwenda mbio, na mama yake humwita kwa jina asiitike. Katika saa kama hiyo, katika wodi ya watoto ya hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari huagiza damu upesi. Na baba, ambaye pengine ni mtu wa sare aliyeomba ruhusa kwa mkuu wake na kuja mbio kutoka kambini, hukunja mkono wa shati na kusema, "Chukueni yangu."

Ndipo lijapo jibu ambalo hakulitazamia. "Afande, kadi yako inasema wewe ni B. Mtoto huyu ni O. Damu yako haimfai." Na mkewe je? Kadi yake ya kliniki ya wajawazito inasema A.

Mtoto hutundikiwa chupa ya damu ya O iliyotoka katika benki ya damu, rangi humrudia usoni, na baada ya siku chache familia hurejea nyumbani. Lakini neno lile la wodini limebaki katika moyo wa baba. Yeye ni B, mkewe ni A, mtoto ni O. Hiyo O imetoka wapi? Huenda akamweleza mwenzake wa zamu, naye mwenzake akatia chumvi kwa mzaha, akisema kwamba damu haidanganyi. Katika nyumba za askari, kama zile za Naguru au Nsambya, ambako ukuta wa jirani ni ukuta wako na mazungumzo ya jikoni husikika upande wa pili, mzaha wa namna hiyo haukawii kuwa shutuma. Mama hurudishwa kwao, na mtoto hutazamwa kama mgeni.

Hiki si kisa cha nyumba moja iliyotajwa, ni mfano. Lakini ni mfano wa jambo linaloweza kuikuta nyumba yoyote ambayo mume na mke ni wa makundi hayo mawili, na yafaa isemwe mapema, kabla ya maelezo marefu: katika mfano huu mama hana kosa lolote. Baba wa kundi B na mama wa kundi A huweza kabisa kuzaa mtoto wa kundi O. Isitoshe, katika nchi ya Uganda jambo hilo si la nadra. Sababu yake ni kitu kidogo mno ndani ya mwili kiitwacho kimeng'enya.

Shanga juu ya chembe

Vimeng'enya ni mafundi wa mwili. Ni protini ambazo kazi yake ni kuunganisha vitu au kuvivunja, kila fundi na kazi yake, wala haingilii kazi ya mwenzake. Mtu akitafuna kipande cha muhogo uliochemshwa kwa muda mrefu bila kukimeza, atasikia utamu ukianza kutokea mdomoni. Huo ni utendaji wa kimeng'enya kilichomo katika mate, ambacho huvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Mafundi wa namna hiyo wako kwa maelfu katika mwili wa binadamu.

Sasa itazamwe chembe nyekundu ya damu. Kwa macho ya kawaida damu ni maji mekundu tu, lakini katika darubini huonekana chembe zisizo na idadi, zenye umbo la kitumbua kilichobonyea katikati. Juu ya ngozi ya kila chembe hiyo zimesimama nyuzi fupi za sukari, mfano wa shanga zilizotungwa. Fundi wa kwanza huja akaitia ncha ya uzi ushanga mmoja wa sukari iitwayo fukosi. Uzi huo ukiisha kupata fukosi huitwa H, nao ndio msingi wa yote yafuatayo.

Hapo huingia fundi wa pili, na huyu ndiye mwenye habari. Kama ni fundi A, huongeza ushanga wa sukari iitwayo N-asetili-galaktosamini, na damu huwa ya kundi A. Kama ni fundi B, huongeza ushanga wa galaktosi, na damu huwa B. Mtu akiwa na mafundi wote wawili, nyuzi nyingine hupata ushanga huu na nyingine ule, naye huwa AB. Na O? O maana yake ni kwamba fundi wa pili hayupo kazini. Nyuzi zimebaki na H peke yake, bila nyongeza. Kwa hiyo O si alama ya ukoo wa kigeni wala si damu ya namna ya pekee. Ni kazi ambayo haikufanywa.

Tofauti kati ya fundi A na fundi B ni ndogo kiasi cha kushangaza. Kila mmoja ni mnyororo wa pingili 354, na katika hizo zote ni pingili nne tu ndizo zinazowatofautisha. Kwa sababu ya pingili hizo nne mtu mmoja huweza kumpa mwenzake damu akamwokoa, au akampa akamwua.

Maelezo ya O yatawafurahisha wale waliopata kufanya kazi ya redio jeshini. Maagizo ya kumjenga fundi huyu yameandikwa katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 9, nayo husomwa herufi tatu tatu, kama ujumbe wa siri unaopelekwa kwa mafungu. Mpeleka ujumbe akiruka herufi moja tu, mafungu yote yanayofuata husogea, na mpokeaji huandika upuuzi mpaka mwisho. Hivyo ndivyo ilivyo katika aina ya O iliyoenea zaidi duniani. Katika maagizo yenye herufi zaidi ya elfu moja, herufi moja imekosekana, usomaji ukapinda, na fundi akatoka nusu, asiyeweza kushika chombo. Jambo hili lilifichuliwa mwaka 1990 na Fumiichiro Yamamoto na wenzake waliokuwa wakifanya kazi mjini Seattle, Marekani.

Hesabu ya nyumbani

Kila mtu amepokea nakala mbili za maagizo hayo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Hapa ndipo siri ya ile nyumba yetu ya mfano inapofunguka. Mama aliyeandikwa A katika kadi huenda amebeba nakala mbili za A, au huenda amebeba A moja na O moja. Kadi haiwezi kueleza, kwa maana fundi mmoja wa A aliye mzima anatosha kuzivika nyuzi zote, na ile nakala mbovu ya O hujificha nyuma yake pasipo kuonekana. Ni hivyo hivyo kwa baba wa B. O inaweza kufichika kwa vizazi kadha, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, bila mtu yeyote katika ukoo kuandikwa O.

Mama mwenye A na O iliyofichika akizaa na baba mwenye B na O iliyofichika, kila mtoto wao huweza kuwa A, au B, au AB, au O, na kila moja ya hizo nne ina nafasi sawa. Akichukua A ya mama na O ya baba, ni A. Akichukua B ya baba na O ya mama, ni B. Akizichukua A na B, ni AB. Akizichukua zile O mbili zilizofichika, basi ni O kama yule mtoto wa Mulago. Watoto wanne wa tumbo moja na baba mmoja huweza kuwa wa makundi manne.

Je, ni watu wangapi waliobeba O ya siri? Nchini Uganda karibu nusu ya wachangiaji damu ni O. Karibu robo ni A. Mmoja kati ya watano ni B. Na wachache, wapatao wanne au watano katika mia, ni AB. Mahali ambapo O imeenea kiasi hicho, hesabu ya urithi inaonyesha kwamba watu tisa hivi katika kila kumi walioandikwa A wamebeba O nyuma yake, na walioandikwa B ni vivyo hivyo. Kwa hiyo, wakikusanywa watoto wote waliozaliwa na wazazi mmoja A na mwingine B, mtoto mmoja hivi katika kila watano atakuwa O. Jambo linalompata mtoto mmoja katika watano haliwezi kuwa ushahidi wa uzinzi.

Haina maana kwamba makundi ya damu hayasemi lolote juu ya uzazi. Yanasema, lakini kwa kukanusha tu, si kwa kuthibitisha. Baba AB, kwa kawaida, hazai mtoto O, kwa sababu hana O ya kumpa. Wazazi wawili wa O kwa kawaida huzaa watoto wa O tu. Katika miaka ya 1940 mchekeshaji mashuhuri wa sinema, Charlie Chaplin, alishtakiwa huko Marekani na mwanamke aliyedai kwamba alimzalia mtoto. Mama alikuwa A, mtoto B, na Chaplin O. Ile B haikuweza kutoka kwa mama wala kwa Chaplin, na madaktari wakasema hivyo waziwazi. Hata hivyo mwaka 1945 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba yeye ndiye baba, naye akalipishwa matunzo. Basi hata pale damu iliposema wazi, watu hawakuisikiliza. Sembuse kuisingizia mahali ambapo haikusema kitu.

Na hata katika yale makatazo, yako mambo ya kufanya mtu asite. La kwanza ni makosa ya kawaida ya kuandika: chupa mbili hubadilishana majina, au kadi ya zamani ilinakiliwa vibaya. La pili ni kwamba mtoto aliyetundikiwa damu majuma machache yaliyopita bado ana chembe za mtu mwingine mwilini, na kipimo chake huweza kuchanganya. La tatu ni nadra sana, lakini lipo. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay nchini India walieleza habari za watu ambao fundi wa kwanza, yule wa fukosi, ndiye mbovu. Kwa kuwa hapana H, fundi A au B hana pa kuutia ushanga wake, hata akiwa mzima. Mtu wa namna hii hupimwa akaonekana O, ilhali ameficha A au B, naye huweza kuzaa mtoto wa A na kuwashangaza wote. Taabu yake kubwa ni kwamba hawezi kupokea hata damu ya O. Sharti apewe ya mtu wa kundi hilo hilo la Bombay.

Mwenye shaka ya kweli, asiyeweza kulala kwa shaka hiyo, anacho kipimo kingine, yaani kipimo cha vinasaba. Kipimo hicho hakitazami shanga. Husoma maandishi yenyewe katika sehemu nyingi. Mnamo mwaka 2023 palizuka Uganda wimbi la wanaume waliotaka watoto wao wapimwe vinasaba. Wizara ya Mambo ya Ndani, yenye maabara ya uchunguzi ya serikali huko Wandegeya, Kampala, ilieleza kwamba maombi yalikuwa yameongezeka mno, na viongozi wa dini na wa koo wakawasihi watu watulize mioyo. Kupima au kutopima ni shauri la wenye nyumba. Lakini mtu asikimbilie huko, wala asimfukuze mkewe, kwa sababu ya kadi yenye herufi O.

Kwa nini damu ya baba haikufaa

Limebaki swali la pili la yule baba: kama mtoto ni wake, mbona damu yake haikumfaa?

Mwili wa binadamu una askari wake, nao ni kingamwili zinazoelea katika maji ya damu. Askari hawa hujifunza kumtambua adui mapema, katika miezi ya kwanza ya maisha. Vijidudu vinavyoishi tumboni vina sukari zinazofanana na shanga za A na za B, na mwili huzikuta huko kwanza. Mtoto wa O, asiye na ushanga wa A wala wa B katika damu yake mwenyewe, huziona zote mbili kuwa ni za mgeni, na huweka walinzi dhidi ya zote mbili. Akitiwa damu ya B, ingawa ya baba yake mzazi, walinzi hao huzishambulia chembe na kuzipasua ndani ya mishipa. Mgonjwa hushikwa na homa na kutetemeka, kiuno humwuma, mkojo huwa wa rangi ya giza, na figo huweza kushindwa kazi. Walinzi hawa hawatambui ukoo wala mapenzi ya baba. Wanachotambua ni shanga tu.

Habari hizi zilianza kujulikana mwaka 1900 na 1901 mjini Vienna, wakati Karl Landsteiner alipochanganya damu za wenzake katika maabara na kuona kwamba nyingine zinashikamana mabonge na nyingine hazishikamani. Kabla yake, kumtia mtu damu ya mwenzake kulikuwa kama kupiga bahati nasibu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Majeshi yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Oswald Robertson, akitumika pamoja na Waingereza huko Ufaransa, aliweka akiba ya damu ya O katika chupa zilizohifadhiwa kwenye barafu, na kuwapa majeruhi wasiokuwa na nafasi ya kupimwa. Alichagua O kwa sababu iliyokwisha kuelezwa: chembe zisizo na ushanga wa nyongeza hazina cha kuwaudhi walinzi wa mtu mwingine. Katika vita hiyo hiyo, Ludwik Hirszfeld na mkewe Hanna, madaktari kutoka Poland waliokuwa katika medani ya Salonika, waliwapima askari wapatao elfu nane wa mataifa mengi, wakiwamo Wahindi, Wasenegali na Wamalagasi. Taarifa yao ya mwaka 1919 ilionyesha kwamba makundi yale yale yanapatikana kwa kila taifa, ila kwa viwango mbalimbali. Vita ya pili ilipofika, askari wa Marekani walikuwa wakivaa shingoni kibati chenye jina, namba na kundi la damu.

Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua A na B ni kitu gani hasa. Jibu lilipatikana London baada ya vita ya pili, katika kazi ya subira ya Walter Morgan na Winifred Watkins, walioonyesha kwamba ni sukari tu za mwisho wa uzi, na kwamba jeni haitengenezi sukari yenyewe bali humtengeneza fundi wa kuitia. Ile alama ya kujumlisha au kutoa inayoandikwa baada ya herufi, kwa mfano O+, ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni Rhesus, nayo ni protini, si ushanga wa sukari. Nchini Uganda wenye alama ya kutoa ni kama wawili hivi tu katika mia. Mama mjamzito aliye miongoni mwao yampasa amweleze mkunga mapema.

Malaria na O

Huenda msomaji akauliza: ikiwa O ni fundi mbovu, mbona imeenea hivi? Kitu kibovu kwa kawaida hupungua, hakizidi.

Sehemu ya jibu inatafutwa katika ugonjwa ule ule uliomlaza mtoto. Vimelea vya malaria vikiisha kuingia katika chembe nyekundu huifanya inate, na chembe zinazonata hujikusanyia nyingine nzima kandokando yake, kama petali za waridi, zikaziba mishipa midogo ya ubongo. Shanga za A na B huwapa vimelea mahali pa kushikia. Nyuzi za O, zisizo na nyongeza, haziwapi mshiko mzuri. Uchunguzi uliofanywa Mali na kuchapishwa mwaka 2007 uliona kwamba watoto wa O hawakupatwa na malaria kali kwa kadiri ya wenzao, na kazi iliyofanywa kwa watoto wa Mulago wenyewe, ikachapishwa mwaka 2012, ilielekea upande huo huo. Yafaa kuongeza upesi kwamba O si kinga ya kutotumia chandarua. Mtoto wa O huugua malaria kama mwingine, na kama ilivyoonekana mwanzo, huweza kupungukiwa na damu hata kukaribia kufa.

Wala si mara ya kwanza kwa watoto wa Kampala kuifundisha dunia juu ya damu na malaria. Katika mwaka 1953 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliwapima watoto 290 wa Kiganda katika maeneo ya kandokando ya mji, akaona kwamba wale waliobeba nakala moja ya selimundu walikuwa na vimelea kwa nadra kuliko wengine. Taarifa yake ya mwaka 1954 inasomwa hadi leo katika vyuo vya tiba.

Nakasero

Chupa aliyotundikiwa mtoto ilitoka katika akiba ya Huduma ya Damu ya Uganda, ambayo makao yake ni kilimani Nakasero. Benki hiyo ilijengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, wakati ukimwi ulipokuwa umeifanya damu isiyopimwa kuwa hatari. Kila chupa hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha hupimwa kundi. Kipimo chenyewe hakitofautiani sana na alichokiona Landsteiner: tone la damu na tone la kingamwili ya A, tone jingine na kingamwili ya B. Likishikamana mabonge, ushanga upo; likibaki laini, haupo. Na kabla ya kumfikia mgonjwa, damu ya chupa huchanganywa kwanza na maji ya damu yake, kuhakikisha kwamba haviudhiani.

Wazazi wengi huomba damu mpya iliyotoka sasa hivi, nayo ni moja ya sababu za baba kukunja mkono wa shati. Jambo hili nalo limechunguzwa Mulago. Watoto 290 waliokuwa wamepungukiwa sana na damu walipewa, wengine damu iliyokaa siku 1 hadi 10, wengine iliyokaa siku 25 hadi 35. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba ile ya zamani iliwafaa sawa na ile mpya.

Shida ya Nakasero ni uchache. Wanafunzi ni sehemu kubwa ya wanaochangia, kwa hiyo shule zikifungwa, akiba hupungua, na damu ya O, ambayo kila daktari huikimbilia katika dharura, huwa ya kwanza kuisha. Ndiyo maana wataalamu wametafuta njia ya kuzigeuza damu nyingine kuwa O. Ikiwa fundi mmoja hutia ushanga, fundi mwingine hawezi kuung'oa?

Anaweza, na mkulima wa Masaka au wa Bugisu atastaajabu kusikia alikotoka fundi wa kwanza wa namna hiyo. Alitoka katika buni mbichi. Ndani ya punje ya kahawa mna kimeng'enya kinachokata galaktosi, yaani ule ushanga wa B. Mwaka 1982 Jack Goldstein na wenzake wa New York walikitumia kugeuza chembe za B kuwa O, wakawatia watu wa O kidogo kidogo, na chembe hizo zikaishi mwilini kama kawaida. Ushanga wa A ulikuwa mkaidi zaidi. Mwaka 2019 wataalamu wa Vancouver, Kanada, walipata vimeng'enya vya kuung'oa kutoka kwa bakteria wa tumbo la binadamu, na mwaka 2024 wenzao wa Denmark na Uswidi wakatangaza vingine, kutoka kwa bakteria mwingine wa tumboni, vinavyosafisha chembe za A na za B vizuri zaidi kuliko vya kwanza.

Kazi hizo bado ziko maabara. Hakuna wodi inayotundika damu iliyong'olewa shanga. Kwa sasa mtoto wa O atategemea chupa ya mtu wa O asiyemjua, pengine mwanafunzi wa sekondari aliyelala kitandani kwa dakika chache kisha akanywa soda. Na baba wa B aliyekunja mkono wa shati hakusumbuka bure, endapo ataipitia benki ya damu kabla ya kurejea kambini. Damu yake haikumfaa mwanawe, lakini itamfaa mgonjwa wa B au wa AB aliyelazwa katika wodi nyingine.